Mwongozo kamili wa kufuata msimu wa muziki wa Baroki mjini Leipzig

Katika mji wa Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, Johann Sebastian Bach aliongoza muziki wa makanisa makuu ya mji kuanzia mwaka 1723 hadi alipofariki tarehe 28 Julai 1750. Kwaya ya wavulana aliyoifundisha, Thomanerchor, ilianzishwa mwaka 1212, na hadi leo inaimba katika kanisa lile lile la Mtakatifu Thomas, yaani Thomaskirche. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya msemaji wa Kiswahili anayeishi Ulaya, au anayepanga safari, ambaye angependa kuufuata msimu mzima wa muziki wa Baroki, yaani muziki wa Ulaya wa zama za Bach na waliomtangulia, badala ya kuingia katika onyesho moja na kutoka bila kujua alichokisikia.

Jambo moja linafaa kueleweka kabla ya mengine yote. Msimu wa Leipzig unafuata kalenda ya Kanisa kuliko unavyofuata matakwa ya waandaaji. Bach aliandika kantata zake, yaani kazi za waimbaji na ala zenye vipande kadhaa, kwa ajili ya Jumapili na sikukuu maalumu, kila moja ikifuata somo la siku hiyo, na mtu anayeijua kalenda hiyo anaweza kukisia wiki nyingi kabla ni muziki wa aina gani utakaosikika. Hapo ndipo wengi wetu tunapoanza tukiwa na mtaji. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na nyimbo nyingi za kitabuni zinazoimbwa katika sharika za Kilutheri Tanzania ni zile zile korale, yaani nyimbo za kusanyiko za Kilutheri, ambazo Bach alizitia katika kantata zake. Mimi nilikulia katika kwaya ya usharika mmoja wa Uchagani, nikiimba sauti ya tatu, na siku ya kwanza nilipoketi katika Thomaskirche nilitambua nyimbo mbili kabla sijaelewa sentensi moja ya Kijerumani. Msomaji asiye Mkristo naye asisite, kwa kuwa upo muziki mwingi wa ala pekee, na hata ule wa kanisani unapokea kila mtu anayekuja kusikiliza kwa utulivu.

Hatua ya kwanza: Chora mwaka wako

Chukua kalenda ya ukutani na uandike sikukuu za Kanisa kabla hujaandika onyesho lolote: Matengenezo ya Kanisa tarehe 31 Oktoba, Jumapili ya kwanza ya Majilio, Krismasi, Epifania, mwanzo wa Kwaresima, Jumapili ya Matawi, Ijumaa Kuu, Pasaka na Pentekoste. Kisha uweke kando ya kila siku muziki wake. Oktoba 31 ni siku ya kantata ya 80, iliyojengwa juu ya wimbo wa Martin Luther kuhusu Mungu aliye ngome. Jumapili ya kwanza ya Majilio ina kantata za 61 na 62, na Pasaka ina kantata ya 4, moja kati ya kazi za mapema kabisa za Bach. Namba hizi hutanguliwa na herufi BWV, ambazo ni orodha rasmi ya kazi zake. Zizoee, kwa sababu programu za Leipzig huzitumia kila mahali.

Mfano mmoja utaonyesha jinsi kalenda inavyofanya kazi. Kantata ya 140, inayotokana na habari ya wanawali kumi katika Mathayo 25, iliandikwa kwa ajili ya Jumapili ya 27 baada ya Utatu. Jumapili hiyo haipatikani ila Pasaka ikiwa imeangukia mapema sana, na katika miaka yote 27 ya Bach mjini Leipzig ilitokea mara mbili tu, mwaka 1731 na mwaka 1742. Bach aliitungia kantata hiyo tarehe 25 Novemba 1731. Siku hizi huimbwa sana mwishoni mwa mwaka wa Kanisa, kwa hiyo wiki za mwisho za Novemba zisikupite.

Zingatia pia vipindi vya ukimya. Enzi za Bach, makanisa ya Leipzig hayakuimba kantata kuanzia Jumapili ya pili ya Majilio hadi Krismasi, wala katika sehemu kubwa ya Kwaresima. Ukimya wa Kwaresima ndio uliompa Bach nafasi ya kuandaa muziki mkubwa wa Mateso. Leo Desemba imegeuka kuwa mwezi wenye maonyesho mengi kuliko yote, lakini Kwaresima bado inafaa kutumiwa kama alivyoitumia yeye, yaani kujiandaa kwa Ijumaa Kuu.

Hatua ya pili: Anza na Moteti za kila wiki

Kabla hujatumia fedha nyingi, hudhuria Moteti. Hii ni ibada fupi ya muziki inayofanyika katika Thomaskirche siku ya Ijumaa saa 12 jioni na siku ya Jumamosi saa 9 alasiri. Hakuna haja ya kukata tiketi mapema, kwa kuwa unanunua programu mlangoni kwa euro chache na programu hiyo ndiyo ruhusa ya kuingia. Viti havina namba, na foleni hujipanga mapema, hivyo fika nusu saa au dakika 45 kabla. Ijumaa utasikia zaidi kwaya bila ala nyingi, pamoja na kazi za watunzi waliomtangulia Bach kama Heinrich Schütz. Jumamosi mara nyingi kunakuwa na kantata nzima pamoja na wapigaji wa Gewandhaus, okestra ya mji wa Leipzig, na mara nyingi kantata hiyo inaendana na Jumapili inayofuata. Wakati wa likizo za shule wavulana hawapo, na kwaya za wageni hushika nafasi yao. Usikasirike ukiikuta kwaya nyingine, ila kama umetoka mbali kwa ajili ya Thomanerchor, angalia kwanza kalenda ya shule za jimbo la Saxony.

Moteti ina sala, somo na mahubiri mafupi. Kuna pia wimbo ambao wote waliohudhuria huimba pamoja, na maneno yake yamo katika programu. Simama na uimbe. Kama unaijua tuni kwa Kiswahili, sauti yako itaishika yenyewe hata ulimi ukichelewa kidogo kwenye Kijerumani. Makofi katikati ya vipande hayafai.

Hatua ya tatu: Beba Biblia ya Kiswahili

Huu ndio ushauri ninaouthamini kuliko wote, na sijauona ukitolewa na mwenyeji yeyote, kwa sababu mwenyeji hauhitaji. Kazi kubwa za Bach zina msimulizi anayeimba maneno ya Injili neno kwa neno kutoka katika tafsiri ya Luther. Maana yake ni kwamba mtu mwenye Biblia ya Kiswahili mapajani anaweza kufuata kila mstari bila kamusi. Mateso kwa Injili ya Mathayo yanafuata sura ya 26 na ya 27. Mateso kwa Injili ya Yohana yanafuata sura ya 18 na ya 19. Oratorio ya Krismasi inachukua mistari 21 ya kwanza ya Luka sura ya 2, isipokuwa mmoja, kisha Mathayo 2 hadi mstari wa 12.

Msimulizi, ambaye ni mwimbaji wa tenor, yaani sauti ya juu ya kiume, anaimba kwa namna inayokaribia kusema, akisindikizwa na ogani na selo tu. Anaponyamaza, mara nyingi hufuata kimojawapo kati ya mambo mawili: aria, ambapo mtu mmoja hutafakari peke yake juu ya kile kilichosimuliwa, au korale, ambapo kwaya inaitikia kwa niaba ya kusanyiko zima kwa wimbo linaoujua. Ukishaelewa mpango huo wa simulizi, tafakari na itikio, saa tatu hazitakuchosha. Fanya kazi ya nyumbani siku mbili kabla: soma sura husika, uweke alama ya penseli mahali ambapo aria na korale zinaingia kwa kufuata kijitabu cha maneno, na uandike kwa Kiswahili kifupi kila aria inasema nini. Kwa anayetaka kusikiliza kwanza, chama cha Bach cha Uholanzi, Nederlandse Bachvereniging, kimeweka intanetini video za kazi nyingi za Bach bila malipo, zikiwa zimerekodiwa vizuri sana.

Hatua ya nne: Zijue ala kabla ya kuzisikia

Makundi mengi yanayopiga muziki wa Baroki hutumia ala za aina ya zama hizo au nakala zake. Nyuzi za fidla ni za utumbo wa kondoo, si za chuma, na sauti yake ina ukwaruzo laini na haiendi mbali. Nyuzi hizo huathiriwa na unyevu na joto, kwa hiyo wapigaji wataacha kupiga mara kwa mara ili kuzikaza upya. Vumilia, hiyo ni sehemu ya kazi. Sauti ya A hupigwa kwa kawaida kwenye hezi 415 badala ya 440, yaani karibu nusu toni chini, na mwenye sikio la kwaya atahisi mara moja kwamba muziki umeshuka. Tarumbeta hazina vali. Mpigaji hutafuta nota zote kwa midomo na pumzi peke yake. Mpiga tarumbeta wa Bach mjini Leipzig, Gottfried Reiche, alifariki tarehe 6 Oktoba 1734, siku moja baada ya kupiga kantata ya sherehe mbele ya mfalme. Yeyote aliyewahi kupiga katika kikundi cha tarumbeta cha usharika ataelewa ugumu wa kazi hiyo.

Ala moja itakusalimu kama ndugu. Ni ala ya nyuzi yenye tumbo la duara ambayo Wajerumani huiita Laute, na jina lake limetoka katika neno la Kiarabu lile lile lililotupa udi wa taarabu. Ndugu yake mkubwa, tiorbo, ana shingo ndefu kuliko mkono wa mtu na hukaa pamoja na ogani na selo katika kundi la besi. Mtunzi aliwaandikia watu wa kundi hili mstari wa besi tu ukiwa na tarakimu juu yake, nao hujaza sauti nyingine papo hapo. Kwa hiyo kantata ile ile haisikiki sawa mara mbili.

Kwa kuziona ala hizi kwa karibu, tenga nusu siku kwa ajili ya makumbusho ya ala ya Chuo Kikuu cha Leipzig, katika jengo la Grassi. Humo mna klavikodi, ala ndogo ya vibao iliyotangulia piano, ya mwaka 1543 na piano iliyotengenezwa mwaka 1726 na Bartolomeo Cristofori, mtu aliyebuni piano. Makumbusho ya Bach yanatazamana na Thomaskirche, na yanatosha kwa saa mbili.

Hatua ya tano: Tiketi, viti na safari

Katika Thomaskirche na katika Nikolaikirche, yaani kanisa la Mtakatifu Nikolai, waimbaji husimama kwenye roshani ya magharibi, kando ya ogani, huku watu wengi wa chini wakiwa wameelekea madhabahuni. Maana yake ni kwamba muziki unakujia kutoka nyuma na juu. Mgeni huona ajabu, lakini hivyo ndivyo ulivyotungwa usikilizwe. Kutokana na hali hiyo, sioni sababu ya kulipia kiti cha bei ya juu ili kumtazama mwongozaji. Viti visivyo na mwonekano huuzwa kwa bei ndogo, na sauti yake, hasa katikati ya kanisa, ni nzuri sawa na ya viti vingine. Epuka tu sehemu zilizo chini kabisa ya roshani za pembeni, ambako sauti za juu hufifia. Nikolaikirche ina nguzo zilizochongwa juu kama makuti ya mitende, na aliyetoka pwani atajikuta akiziangalia mara kwa mara. Ni kanisa lile lile ambalo sala za amani za Jumatatu zilitangulia maandamano ya mwaka 1989 dhidi ya serikali ya Ujerumani Mashariki.

Vaa nguo nzito kuanzia Novemba hadi Machi, kwani makanisa ya mawe hupoza miguu hata yakipashwa joto, na beba kitambaa cha kukalia, kwani mabenchi ni magumu. Anayetoka Afrika Mashariki aombe viza ya Schengen mapema. Maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Nafasi za miadi kwenye balozi hujaa, hivyo panga tarehe za maonyesho kwanza, kisha miadi.

Hatua ya sita: Desemba

Oratorio ya Krismasi ni kantata sita ambazo Bach alizitoa siku sita tofauti, kuanzia tarehe 25 Desemba 1734 hadi tarehe 6 Januari 1735. Siku hizi kwaya huimba sehemu tatu za kwanza jioni moja kabla ya Krismasi, na mara nyingine zote sita kwa jioni mbili. Tiketi huisha mapema. Mwaka wangu wa kwanza nilingoja hadi Desemba yenyewe na nikabaki nje, nikisikia ngoma kupitia mlango wa pembeni. Nunua mara tu mauzo yanapofunguliwa. Ushauri wangu mwingine ni kutafuta sehemu ya nne hadi ya sita katika Januari, kwenye kanisa lolote la eneo hilo. Huko watu ni wachache, tiketi ni rahisi, na muziki unakuwa umekaa katika siku zake.

Oratorio inaanza kwa ngoma peke yake, mapigo matano, kabla ya ala nyingine yoyote. Mwanzo huo Bach aliutoa katika kantata aliyomwandikia malkia mwaka mmoja kabla, ambayo maneno yake yaliziamuru ngoma zilie. Lakini sikiliza hasa korale ya kwanza ya sehemu ya kwanza, ile inayouliza jinsi ya kumpokea Bwana. Tuni yake ni ya mtunzi Hans Leo Hassler, ya mwaka 1601, na kwetu sisi ni tuni ya wimbo wa Ijumaa Kuu kuhusu kichwa kilichojaa damu na majeraha. Inarudi tena katika korale ya mwisho kabisa ya sehemu ya sita, safari hii ikizungukwa na tarumbeta. Iandike katika daftari lako, kwa sababu utakutana nayo tena.

Hatua ya saba: Kutoka Kwaresima hadi Ijumaa Kuu

Tumia wiki za Kwaresima kusoma sura nne za Mateso nilizozitaja. Karibu na Ijumaa Kuu, Thomanerchor huimba Mateso, kwa kawaida wakibadilishana mwaka hadi mwaka kati ya Mathayo na Yohana. Ya Yohana yalisikika kwa mara ya kwanza katika Nikolaikirche tarehe 7 Aprili 1724; ya Mathayo katika Thomaskirche tarehe 11 Aprili 1727, yakiwa na mahubiri kati ya sehemu mbili. Ya Yohana ni mafupi na makali, na kwa mtu anayeanza ningependekeza hayo kwanza. Ya Mathayo yana kwaya mbili na okestra mbili zinazoulizana na kujibizana, na huchukua karibu saa tatu.

Tuni ile ya Hassler inaingia mara tano katika Mateso ya Mathayo, karibu kila mara kwa sauti za ndani tofauti. Mara ya mwisho inakuja mara tu Yesu anapokata roho. Okestra inanyamaza, msimulizi anamaliza mstari wa 50 wa sura ya 27, kisha kwaya inaingia taratibu kabisa, na mtu aliyeisikia tuni hiyo ikiwa na tarumbeta mwezi wa Januari huhisi uzito ambao hakuna maelezo yanayoweza kuufikisha.

Mahali pengine pa kuweka alama ni Mathayo 26:75. Jogoo amewika, Petro anatoka nje na kulia kwa majonzi, na msimulizi anaivuta sauti katika neno la kulia kana kwamba hawezi kulimaliza. Baada ya hapo fidla moja inaanza, ikipanda na kuteleza kwa nota ndogo ndogo kama mtu anayejaribu kusema huku kwikwi zinamkata, na sauti ya alto inaingia ikiomba rehema kwa ajili ya machozi hayo. Fidla haimsindikizi mwimbaji, bali inalia pamoja naye. Mwaka niliposikia hivyo nikiwa na Biblia mapajani, mama mzee aliyeketi kando yangu aliona maandishi ya Kiswahili, akaweka kidole kwenye mstari huo na kuniangalia, nami nikatikisa kichwa kukubali. Hatukusemezana.

Mwishoni mwa onyesho la Ijumaa Kuu, usiwe wa kwanza kupiga makofi. Ngoja uone wenyeji wanafanya nini.

Hatua ya nane: Juni, Leipzig na Halle

Msimu unafikia kilele katika Bachfest, tamasha la takriban siku kumi katika mwezi wa Juni. Makundi hutoka sehemu nyingi za dunia, na baadhi ya maonyesho hufanyika bure katika uwanja wa soko. Usijaze kila siku. Mtu akisikia maonyesho matatu kwa siku, kufikia siku ya nne masikio hayapokei tena. Onyesho moja la jioni na moja la mchana yanatosha. Onyesho la kufunga ni Misa ya Bach katika ufunguo wa B ndogo, ndani ya Thomaskirche, na hilo ndilo ambalo ningelikatia tiketi kabla ya jingine lolote. Sikiliza mwisho wake: ombi la amani linaimbwa kwa muziki ule ule uliotumika mapema katika Misa kutoa shukrani.

Katika majira hayo hayo mji wa Halle huwa na tamasha la mtunzi George Frideric Handel, lililoanza mwaka 1922. Handel alizaliwa huko tarehe 23 Februari 1685, chini ya mwezi mmoja kabla ya Bach, na wawili hao hawakuwahi kuonana. Treni ya mjini inakufikisha kutoka Leipzig kwa muda unaozidi kidogo nusu saa, kwa hiyo hakuna haja ya kulala huko. Nyumba aliyozaliwa sasa ni makumbusho, na katika kanisa la sokoni, juu ya madhabahu, iko ogani ndogo ya mwaka 1664 ambayo inahusishwa na masomo yake ya utotoni. Tofauti na Leipzig, hapa kuna opera nyingi, na maneno ni ya Kiitaliano. Biblia yako haitakusaidia, hivyo soma muhtasari wa kisa kabla.

Baada ya Misa ya kufunga usikimbilie mlangoni. Watu wakishatawanyika, tembea hadi mbele, karibu na madhabahu, ambako mabaki ya Bach yaliwekwa mwaka 1950 chini ya bamba la shaba lenye jina lake tu. Mara nyingi utakuta maua juu yake. Ratiba ya Moteti za vuli ikitoka, fungua ukurasa mpya wa kalenda na uanze na tarehe 31 Oktoba.